Ladha ya mkusanyaji wa saa hubadilishwa na nini?

Wakusanyaji wa saa wa Mwanza hawajitangazi. Utamjua mmoja wao mnapopeana mikono: macho yake yanashuka kwenye mkono wako wa kushoto, yanatulia hapo kidogo, ndipo yanarudi usoni. Wamo walimu, wamo wanaosafirisha sangara, wamo vijana wanaoingia mjini kutoka Geita na mshahara wa mgodini, na wamo wastaafu wenye kopo la biskuti chini ya kitanda lililojaa saa, mke akiamini ni kopo la nyuzi na sindano.

Ukikaa nao vya kutosha utagundua jambo linalowachanganya hata wao wenyewe. Aliyekuwa akitafuta saa kubwa ya rangi ya dhahabu sasa anavaa kitu kidogo chenye mkanda wa kitambaa. Aliyekuwa akiapa kwamba saa ya betri si saa, leo ana Casio ya plastiki mkononi na hana habari. Aliyekusanya saa thelathini amebaki na nne, na ukimuuliza zingine ziko wapi anakujibu kama mtu aliyeulizwa habari za mchumba wa zamani.

Maelezo ya haraka ni mawili: amekua, au amepata hela. Yote mawili yana ukweli, lakini yanaacha mengi nje. Wapo waliopata hela wakarudi kwenye saa za bei ya chini, na wapo vijana wa miaka ishirini na kitu wenye ladha ya wazee. Kwa jinsi ninavyoliona mimi, anayembadilisha mkusanyaji kuliko kitu kingine ni fundi. Namaanisha yale yanayotokea saa inapoharibika: nani anaifungua, kipuri kinatoka wapi, inarudi katika hali gani, na mwenyewe ameona nini ilipokuwa wazi mezani. Hela, umri na marafiki vina nafasi yao, ila vingi hupitia kwanza pale mezani.

Chukua saa ya mwanzo. Kwa wengi ni ya kung'aa: kubwa, ya rangi ya dhahabu, na ndani ya uso wake mna vijisaa vitatu vidogo ambavyo mara nyingine vimechorwa tu, havifanyi kazi yoyote. Imenunuliwa kwa machinga Makoroboi au imeletwa na shemeji kutoka Dubai. Sioni sababu ya kuibeza. Saa ya kwanza hununuliwa ili ionekane, na hiyo inaonekana hata kutoka kiti cha nyuma cha daladala. Shida inaanza baada ya miezi kadhaa. Rangi ile ni tabaka jembamba mno lililopakwa juu ya shaba au juu ya aloi yenye zinki, na jasho lina chumvi. Tabaka linaanza kuisha kwenye pembe zinazoshika mkanda na kule nyuma linakosuguana na ngozi. Chini yake unatokea ukijivu, au wekundu wa shaba, na mkono unabaki na alama ya kijani. Mwenyewe anaipeleka kwa fundi akidhani itapakwa upya kwa bei ya soda. Fundi anaigeuza mara moja tu na kumwambia, "Bosi, hii rangi hairudi. Siku nyingine ulizia stenlesi."

Kuanzia siku hiyo swali lake dukani linabadilika. Zamani aliuliza bei, sasa anaigeuza saa kwanza na kusoma kifuniko cha nyuma. Watu wa nyumbani wataona ameacha makuu, anapenda vitu vitulivu. Kilichotokea ni kwamba ameshaona kilichokuwa chini ya ile rangi.

Hatua inayofuata ndiyo yenye kelele zaidi, na bila kurudi nyuma kidogo kwenye historia huwezi kuielewa. Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko iliingiza sokoni, Tokyo, saa ya mkono ya kwanza ya kwatzi, ikaiita Astron. Ndani ya saa ya aina hii mna kipande kidogo cha fuwele kinachotetemeka kikipitishiwa umeme wa betri. Katika saa nyingi za leo kinatetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo imechaguliwa kwa makusudi: ukiigawa kwa mbili mara 15 unabaki na moja, yaani pigo moja kila sekunde, na ndiyo maana mshale wa sekunde wa saa ya betri unaruka hatua kwa hatua. Matokeo yake ni kwamba saa ya plastiki ya bei ndogo hukosea kama sekunde 15 hadi 30 kwa mwezi mzima, wakati saa ya springi iliyopimwa na kupewa cheti Uswisi inaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kuwahi sekunde 6 kwa siku moja tu.

Uswisi ilipata pigo ambalo bado linasimuliwa. Mwaka 1970 sekta yake ya saa ilikuwa na wafanyakazi kama 90,000. Katikati ya miaka ya 1980 walibaki kama theluthi moja tu. Kilichosaidia kuinyanyua, kwa kiasi kikubwa, ni saa nyingine ya betri: Swatch ya plastiki ya mwaka 1983, yenye vipande 51 tu. Mwaka huohuo Casio ikatoa G-Shock, na mwaka 1989 ikatoa F-91W, ile nyembamba nyeusi ambayo kila mtu ameiona mkononi mwa mtu.

Kwa hiyo, kama hoja ni kujua ni saa ngapi, mabishano yaliisha zamani. Mkusanyaji aliye katika mwaka wake wa tatu wa kukusanya analijua hilo na bado anaidharau betri. Kwa nini? Nadhani ni kwa sababu ya kilichompata kwa fundi. Betri ikiisha, inabadilishwa kwa dakika chache na hakuna cha kutazama. Sakiti ikifa, fundi anakurudishia saa yako bila hata kutoa bisibisi. Saa ya springi ikisimama, mambo ni mengine kabisa.

Fundi saa wa barazani ana meza ndogo yenye sanduku la kioo la kuzuia vumbi, bisibisi za unene wa sindano zimepangwa kwenye ubao, na lenzi inayokaa jichoni bila kushikwa. Kijana anafika na Seiko 5 ya baba yake mkubwa.

"Shikamoo mzee. Hii inakimbia. Dakika tano mbele kila siku."

"Marahaba. Usiku unaiweka wapi?"

"Juu ya spika."

Mzee anacheka kimyakimya, anafungua kifuniko. Kwanza inaonekana rota, bamba la chuma la umbo la nusu duara linalozunguka kila mkono unapotikisika. Hilo ndilo linalojaza springi, ndiyo maana saa hii haitiwi ufunguo. Pembeni yake gurudumu la mizani linakwenda na kurudi, kwenye mashine ya 7S26, ile iliyomo ndani ya Seiko 5 hii, mara sita kwa sekunde, yaani 21,600 kwa saa moja. Katikati ya gurudumu hilo kuna springi nyembamba kuliko unywele, imeviringwa, inafumba na kufumbua. Sumaku ya spika imezifanya duara zake zishikane, springi imekuwa kana kwamba imefupishwa, na springi fupi hupiga haraka. Fundi anaiweka saa juu ya kifaa chake cha kutoa sumaku, anabonyeza, anaiondoa taratibu. Imeisha. Kijana ameingia na tatizo la dakika tano na ametoka na ugonjwa wa maisha yote.

Baada ya hapo ladha inahamia kwenye namba. Seiko 5 ndiyo shule yenyewe, na Kanda ya Ziwa ukisema "saa ya mzee" wengi wataiona hiyo akilini. Ilianza mwaka 1963, na ile tano kwenye jina lake ni mambo matano iliyoahidi: kujijaza yenyewe, siku na tarehe katika dirisha moja, kuhimili maji, kifundo cha kurekebishia kilichowekwa upande wa saa nne ya kizungu ili kisichome mkono, na kasha na mkanda wa kudumu. Mkusanyaji anajifunza kusoma nyuma yake. Herufi mbili za mwanzo za namba ya saa ni mwaka na mwezi: ukiona 7N, ni Novemba ya mwaka unaoishia na 7. Mwaka upi? Hapo unatazama namba ya mashine. Kama ni 7S26, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1996, basi 1987 haiwezekani, na muuzaji anayekuapia kwamba ni ya 1987 ama hajui, ama anajua sana. Wapo watu ambao furaha yao yote imebaki hapo, kwenye kukamata uongo wa muuzaji. Kuvaa wanavaa kwa nadra.

Hapa pia ndipo uso wa saa unapoanza kuangaliwa kwa jicho jipya, na sisi tuna bahati ambayo wenzetu wa Ulaya hawana. Mtu aliyekulia kusoma mshale mfupi ukiwa kwenye saba na kusema ni saa moja, tangu utotoni anasoma mahali pa mshale, tarakimu anaiacha ilivyo. Uso mtupu wenye vijiti tu haumsumbui. Na zile saa za mshale wa nne, zilizobuniwa katikati ya miaka ya 1950 kwa marubani waliotaka kuona saa za nchi mbili kwa pamoja, huwa zinamfanya atabasamu. Yeye amebeba tofauti ya saa sita kichwani maisha yake yote bila kulipia chochote.

Kipindi cha majina makubwa nitakipitia haraka kwa sababu kinafanana dunia nzima. Mtu anasoma kwamba Omega Speedmaster ya mwaka 1957 ndiyo ukoo uliofika mwezini Julai 1969, kwamba Rolex Submariner ilianza 1953, kwamba mbunifu Gérald Genta ndiye aliyechora saa za Royal Oak ya 1972 na Nautilus ya 1976, na ghafla anataka vitu ambavyo bei yake ni nyumba ya Buhongwa. Mwaka 2017 Rolex Daytona iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 17.75, na habari za namna hiyo zinaharibu akili: mtu anaanza kupenda kitu kwa sababu wengine wamekosa. Wachache wanaopita hapa salama hupitia, kwa mara nyingine, mezani kwa fundi. Saa "ya Uswisi" iliyonunuliwa kwa mtu anayeondoka kesho inafunguliwa, na ndani mna mashine ya kopi, haina hata maandishi, pete ya plastiki imejaza nafasi kwa sababu mashine ni ndogo kuliko kasha. Aliyeona pete ile hawezi tena kuvutiwa na jina peke yake.

Na hata ile ya kweli inaleta swali lilelile. Nani ataihudumia? Mafuta ya ndani hukauka. Baada ya miaka mitano hivi mashine inataka kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta upya. Baadhi ya makampuni makubwa hayauzi vipuri kwa mafundi wa nje ya mtandao wao. Mtu wa Mwanza mwenye saa ya aina hiyo ana mzigo wa kuipeleka mbali, kulipa, na kusubiri. Wengi huiuza wakisema wameichoka.

Mapenzi ya saa kuukuu, hayo nataka kukaa nayo, kwa sababu ziwa lina maneno yake hapo. Mkusanyaji aliyechoka na majina huanza kutafuta saa za miaka ya 1950 na 1960: ndogo, uso umegeuka rangi ya chai, kioo cha plastiki ngumu kilichobinuka. Kioo cha namna hiyo kinachubuka kwa kugusa tu ukuta, lakini pia kinapona. Unapaka dawa ya meno nyeupe, ile ya kawaida, unasugua kwa kitambaa laini kwa mizunguko midogo, unafuta, unarudia. Michubuko ya juujuu inatoweka mbele ya macho yako. Jaribu hivyo kwenye kioo cha kisasa cha yakuti uone kama kitakusikiliza. Kioo cha yakuti hakichubuki kirahisi, ila kikipasuka kimepasuka. Wakusanyaji wengi niliozungumza nao wanakumbuka kioo chao cha kwanza cha dawa ya meno vizuri kuliko bei ya saa yenyewe, maana kwa mara ya kwanza walikuwa fundi wenyewe.

Lakini unyevu wa ufukweni hauionei huruma saa kuukuu. Mpira wa kuzuia maji ukishakuwa mgumu, hewa yenye maji inaingia. Mtu amekaa juani Capri Point, kasha limepata moto, anaingia majini, kasha linapoa ghafla: hewa ya ndani inasinyaa, inavuta unyevu, na ukungu unatokea upande wa ndani wa kioo. Kutu inaanzia kwenye vipande vya chuma vidogo usivyoviona. Kwa hiyo anayekaa Kirumba au Igombe na kupenda saa za zamani hujifunza mapema kutenganisha za kuvaa mvua ikinyesha na za kuvaa kanisani.

Kuna pia suala la rangi ya kung'aa gizani. Saa za kabla ya miaka ya 1960 kuisha nyingi zilipakwa rediamu, madini yenye mionzi. Leo hazing'ai tena, na mtu anadhani imekwisha nguvu. Kilichokufa ni kemikali iliyokuwa ikitoa mwanga, rediamu yenyewe hupungua nusu kwa takriban miaka 1,600. Wasichana waliokuwa wakiipaka viwandani Marekani miaka ya 1910 na 1920, wakinoa brashi kwa midomo, waliugua na wengine wakafa. Kuivaa ikiwa imefungwa ni jambo moja; kumwacha mtu akwangue uso wake mezani na unga ukapeperuka ni jambo jingine kabisa. Baadaye ikaja tritiamu, isiyo kali, inayopungua nusu kwa miaka 12 hivi, na miaka ya 1990 zikaja rangi zisizo na mionzi zinazojazwa kwa mwanga wa kawaida. Mkusanyaji akishayajua haya, uso wa rangi ya chai haumvutii tena kwa namna ileile. Wapo waliouza boksi zima mwezi huohuo.

Maandishi ya "mita 30" nayo yamebadilisha ladha za wengi hapa. Hayamaanishi kuzama mita 30. Ni kipimo cha shinikizo cha maabara, saa ikiwa imetulia, mpira wake ukiwa mpya. Kwa maisha ya kawaida ni mvua na kunawa mikono. Anayetaka kuogelea ziwani, ukiacha habari ya kichocho, atafute ya mita 100 na kuendelea, na mpira ubadilishwe kila inapofunguliwa. Ndiyo maana ukishuka Mwaloni, kwenye soko la samaki, usitegemee kuona vitu vya mnada. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, na mahitaji yao ya saa ni makali kuliko ya mkusanyaji yeyote: isomeke gizani, isitake kushughulikiwa, ikidondoka majini isimlize mtu. Ile Casio nyembamba yenye kitaa cha kijani pembeni na betri ya miaka kama saba inakidhi mawili na nusu kati ya hayo. Mkusanyaji anayepita pale akitoka kununua kitoweo huiona kwa macho mengine kuliko alivyoiona akiwa mwaka wa tatu. Anarudi kwenye betri bila aibu, na mara nyingi anaanza na moja ya kujichaji kwa jua.

Yapo mabadiliko ambayo fundi hahusiki nayo, na sitaki kumpa sifa zisizo zake. Macho ni moja. Mtu akivuka miaka 40 na kitu, kusoma cha karibu kunakuwa kazi, na kidirisha cha tarehe alichokipenda kinageuka doa. Anaanza kupenda uso msafi wenye mishale minene. Ukubwa ni jingine: miaka ya 2000 dunia nzima ilivaa masahani ya milimita 44 na zaidi, kisha upepo ukageuka, Rolex Explorer ilipandishwa kutoka milimita 36 hadi 39 mwaka 2010, ikarudishwa 36 mwaka 2021. Mtu wa Mwanza aliyeanza kuvaa saa ndogo mwaka 2021 anaweza kudhani ni hekima yake. Sehemu yake ni upepo tu.

Kinachonivutia zaidi sasa ni vijana wanaoanzia upande mwingine. Wameshatazama video mia kabla ya kununua saa moja, kwa hiyo wengi wanaruka kabisa ile hatua ya dhahabu ya Makoroboi. Wanakuta mafundi wa springi wamepungua, meza nyingi zimehamia kwenye simu, na fundi aliyebaki mara nyingi hafungui tena gurudumu kwa gurudumu. Anaagiza mashine nzima, kama NH35 inayotengenezwa na kundi la Seiko, anatoa iliyokufa na kupachika mpya, mishale juu yake, kazi ya mchana mmoja. Ni rahisi, na saa inatembea vizuri kuliko ilivyokuwa. Basi vijana hawa wanachagua saa kwa kuangalia kama mashine yake inabadilishika hapa mjini. Muulize mmoja kwa nini amenunua saa fulani na si jirani yake iliyokuwa nzuri zaidi kwenye kioo cha duka: atakutajia namba ya mashine kabla ya kutaja kampuni, halafu atakwambia bei ya kuipachika.